Kama jani la tumbaku linaweza kuunda kingamwili, mbona dawa zinazotoka kwenye mimea bado zinahesabika kwa vidole?

#1 MdadisiWaSeli

Salaam, wakuu. Swali hili limenikaa kichwani muda mrefu, nami nimeona nililete humu kwa kuwa najua wamo watu waliolifanyia kazi jambo hili kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka 1989 Andrew Hiatt na wenzake, wakiwa California, walionyesha kwamba mmea wa tumbaku unaweza kuunda kingamwili kamili. Waliingiza jeni ya mnyororo mzito katika mmea mmoja na jeni ya mnyororo mwepesi katika mmea mwingine, kisha wakachavusha mmoja kwa mwenzake; baadhi ya miche iliyozaliwa ikawa na minyororo yote miwili, na minyororo hiyo ikaungana yenyewe ndani ya jani. Tangu siku hizo tumeahidiwa kwamba shamba litachukua nafasi ya tangi la chuma, kwamba anayetaka dawa zaidi atapanda mbegu zaidi, na kwamba virusi vya mimea havimwambukizi binadamu, kwa hiyo hatari moja kubwa ya viwanda vya dawa itakuwa imeondoka.

Lakini nikihesabu protini za tiba kutoka kwenye mimea zilizoidhinishwa kwa binadamu, sivuki vidole vya mkono mmoja. Ipo Elelyso ya ugonjwa wa Gaucher, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Ipo Elfabrio ya ugonjwa wa Fabry, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2023. Ilikuwapo Covifenz, chanjo ya UVIKO-19 iliyoidhinishwa Kanada Februari 2022, ambayo kampuni yake ilitangaziwa kufungwa kabla mwaka haujatimia. Kikwazo kiko wapi hasa: kwenye sayansi, fedha, sheria au hofu?

#2 MzeeWaHadubini

Mkuu, ahsante kwa mada. Mimi naanza na sukari, na simaanishi sukari ya kulia.

Protini nyingi za tiba hazikamiliki kwa kuunganishwa kwa asidi amino peke yake. Zinaposafiri ndani ya seli kuelekea nje, hupachikwa minyororo midogo ya sukari, na minyororo hiyo ndiyo inayoamua protini itadumu muda gani katika damu, itapokewa na seli zipi, na kama mwili utaiona kuwa mgeni. Mmea na mnyama hufuatana katika hatua za mwanzo za upachikaji huo, kisha njia zao huachana: mmea huweka zailosi, pamoja na fukosi iliyofungwa kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauifanyi, na haumalizii mnyororo kwa asidi sialiki, ambayo ndiyo huizuia protini isiondolewe upesi na ini. Kwa hiyo protini inaweza kuwa na umbo sahihi kabisa na bado ikavaa nguo za ugeni. Mdhibiti yeyote wa dawa atakuuliza juu ya nguo hizo kabla ya kukuuliza juu ya mwili uliomo ndani.

#3 FundiSafisha

Nampinga Mzee kwa heshima zote. Suala la sukari lilikwisha kupatiwa ufumbuzi. Ipo mimea ya *Nicotiana benthamiana*, jamaa wa tumbaku, ambayo vimeng'enya vinavyoweka zailosi na fukosi hiyo vimezimwa, na ndiyo iliyotumika kutengeneza kingamwili za ZMapp dhidi ya Ebola. Kazi ngumu huanza baada ya mavuno, na watu hawaizungumzii kwa sababu haivutii kwenye picha.

Seli za ovari za hamsta wa Kichina, ambazo ndizo mtambo mkuu wa sekta hii, hutema protini nje katika majimaji zinamokuzwa. Unachuja seli, unabaki na majimaji yenye bidhaa. Jani halitemi; lazima ulisage, na ukilisaga unapata kila kitu kilichokuwamo. Rubisko peke yake, kile kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, inaweza kufikia nusu ya protini zote zinazoyeyuka ndani ya jani. Juu yake kuna klorofili, nyuzinyuzi, vimeng'enya vinavyokatakata protini, na fenoli.

Nieleze fenoli kwa kisa. Siku moja, katika maabara ambayo haina haja ya kutajwa, tulisaga kilo kumi na mbili za majani, na aliyeandaa bafa, ambaye ni mimi, alisahau kutia sodiamu metabisalfaiti, ambayo huzuia fenoli zisioksidike. Majimaji yalitoka kwenye mashine yakiwa ya kijani kibichi. Niligeuka kuandika saa katika daftari, nikarudi, nikakuta povu limeanza kuwa la kahawia pembezoni mwa ndoo. Baada ya nusu saa ndoo nzima ilikuwa rangi ya kutu. Fenoli zilikuwa zimeoksidika na kujibandika kwenye protini, yetu ikiwamo. Tulijaribu kuokoa kilichobaki kwa kukipitisha kwenye safu ya protini A, ambayo hunasa kingamwili na kuacha mengine yapite. Mshale wa shinikizo ukapanda, safu ikaziba, na resini yake ya gharama kubwa ikabaki na doa ambalo hatukuweza kulitoa kwa namna yoyote tuliyoijua.

#4 Chekechea

Pole kwa ndoo, Fundi. Naomba kuuliza la kitoto: jeni inaingiaje ndani ya jani? Ni lazima kusubiri mmea uzae mbegu na mbegu zipandwe tena, kama alivyofanya Hiatt?

#5 JaniBichi

Si lazima, Chekechea, na hapa ndipo mambo yalipobadilika sana tangu mwaka huo wa 1989.

Kuna bakteria anayeitwa *Agrobacterium tumefaciens*, ambaye kwa asili huingiza kipande cha DNA yake katika seli za mmea na kuufanya uote uvimbe. Wataalamu huondoa jeni za uvimbe na kuweka jeni wanayoitaka, huku wakimwachia bakteria ufundi wake wa kuingiza. Maabarani unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, unaweka mdomo wake upande wa chini wa jani, unakinga kwa kidole upande wa juu, kisha unasukuma taratibu. Utaona doa la kijani kizito, kama karatasi iliyolowa mafuta, likienea chini ya ngozi ya jani mpaka kwenye mshipa mkubwa na kusimama hapo. Unahamia upande wa pili wa mshipa, unaanza tena. Mmea ambao haukumwagiliwa vizuri hukataa, kwa sababu matundu yake ya kupumulia yamefumba, na ukilazimisha utaupasua.

Kwa wingi wa kiwandani hakuna anayeshika jani moja moja. Miche hugeuzwa vichwa chini na kuzamishwa katika majimaji ya bakteria ndani ya chemba ya ombwe. Hewa iliyoko kati ya seli hunyonywa, na ombwe likiachiliwa majimaji huingia mahali pake. Siku tano hadi saba baadaye unavuna. Hakuna mbegu, wala jeni hairithishwi kwa kizazi kingine.

Tatizo lililobaki ni ulinzi wa mmea wenyewe, ambao hutambua ujumbe mgeni wa RNA na kuukatakata. Kwa hiyo huongezwa protini iitwayo p19, iliyotoka kwa kirusi cha nyanya, inayozuia ukataji huo. *Benthamiana*, ambayo asili yake ni Australia, tayari ina jeni moja ya ulinzi dhidi ya virusi iliyoharibika, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake.

#6 Chekechea

Kumbe mlango unafunguliwa na mwizi aliyenyang'anywa silaha, na mlinzi naye analishwa dawa ya usingizi. Ahsante, nimeelewa.

#7 ShambaSalama

Mnazungumza kana kwamba jambo hili linaishia maabarani. Mimi naona kikwazo ni hofu, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2002 kule Marekani mahindi yaliyobebeshwa protini ya dawa na kampuni ya ProdiGene yaliingia katika chakula cha watu. Nani atakubali tena mmea wa chakula ugeuzwe kiwanda cha dawa katika shamba la wazi, wakati chavua haijui mipaka?

#8 KaraniWaKanuni

Nirekebishe kidogo, ShambaSalama, kwa sababu kisa hicho husimuliwa vibaya mara nyingi.

Mahindi ya ProdiGene yalikuwa na protini ya chanjo ya kuhara kwa nguruwe. Baada ya msimu wa majaribio huko Nebraska, shamba hilo hilo lilipandwa soya, na punje za mahindi zilizobaki ardhini zikaota zenyewe katikati ya soya. Mabaki ya mahindi hayo yakavunwa pamoja na soya na kupelekwa ghalani, ambako yalichanganyika na shehena ya takribani busheli 500,000. Shehena yote ilizuiwa ghalani na kuharibiwa, haikuwafikia walaji. Kampuni ilitozwa faini ya dola 250,000 na kubebeshwa gharama za kuiondoa soya, ambazo zilikuwa kama dola milioni 3. Katika tukio jingine la mwaka huo huo, huko Iowa, ekari 155 za mahindi ya jirani ziliharibiwa kwa tahadhari kwamba huenda chavua ilikuwa imevuka.

Kwa hiyo katika kisa cha Nebraska chavua haikuhusika kabisa. Kosa lilikuwa la punje zilizoachwa ardhini na usimamizi wa shamba baada ya mavuno.

#9 ShambaSalama

Nimekubali marekebisho, lakini hoja yangu inasimama, tena umeitia nguvu. Kama punje chache zilizosahauliwa ziligharimu milioni 3, kampuni yoyote yenye akili itaondoka kwenye mahindi na kuhamia kwenye mmea usioliwa, ndani ya kitalu nyumba chenye hewa inayochujwa. Na ukishaingia ndani ya kitalu nyumba, ile ahadi ya shamba la gharama nafuu ambayo mleta uzi ameitaja imekwisha. Unalipia taa, joto, hewa na mtu wa kulinda mlango.

#10 JaniBichi

Kuhusu chavua ipo njia nyingine, nayo ni kuweka jeni katika kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya seli ya mmea, badala ya kiini cha seli. Katika mazao mengi kloroplasti hurithiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo chavua haizibebi. Tena seli moja ya jani inaweza kuwa na maelfu ya nakala za DNA ya kloroplasti, jambo linalofanya mavuno ya protini kuwa makubwa sana. Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ametumia miaka mingi kwenye njia hii, akitumia hata majani ya letisi yaliyokaushwa na kutiwa ndani ya vidonge.

#11 MzeeWaHadubini

Na kloroplasti haipachiki sukari hata moja. Kwa protini isiyohitaji sukari ni neema. Kwa kingamwili inayotegemea sukari zake kuita seli za kinga, ni hasara. Naona tumerudi kwangu.

#12 DadaWaMgonjwa

Habari zenu. Mimi si mwanasayansi. Mdogo wangu ana ugonjwa wa Gaucher, na kila baada ya wiki mbili hutundikiwa dripu ya kimeng'enya ambacho mwili wake hauundi cha kutosha. Kabla ya tiba, bandama yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa akiketi sakafuni na kuuinua mguu kwa mikono miwili.

Mwaka 2009 kiwanda kilichokuwa kikitengeneza dawa yake kwa seli za hamsta kiliingiliwa na kirusi, matangi yakasimamishwa, na tukaambiwa dozi zipunguzwe mpaka hali itengemae. Sisi tuliokuwa tukisubiri tulihesabu chupa. Baadaye daktari alitueleza kwamba ipo dawa nyingine inayotoka kwenye seli za karoti, ambazo kirusi cha namna ile hakiwezi kuishi ndani yake. Sijui mengi, lakini naona ubishi huu unausahau upande huo: kuwa na njia ya pili isiyougua magonjwa ya njia ya kwanza. Swali langu ni je, hizo sukari za Mzee zina madhara kwa mgonjwa anayetumia dawa ya karoti?

#13 MzeeWaHadubini

Dada, pole na hongereni kwa uvumilivu. Hapa sukari ya mmea imegeuka kuwa faida, na lazima nikiri hivyo ingawa inaidhoofisha hoja yangu.

Mafuta yanayomdhuru mgonjwa wa Gaucher hukusanyika ndani ya makrofaji, seli walaji za kinga, na seli hizo hupokea protini ambayo mnyororo wake wa sukari unaishia na sukari iitwayo manosi. Kimeng'enya kinachoundwa na seli za hamsta hakitoki na manosi nje, kwa hiyo kiwandani hulazimika kukatwa sukari za juu kwa hatua za ziada. Katika seli za karoti kimeng'enya huelekezwa kwenye vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli, ambamo sukari hukatwa zenyewe mpaka manosi ibaki wazi, na dawa hutoka ikiwa tayari. Zailosi na fukosi za mmea zimo, na wapo wagonjwa wanaounda kingamwili dhidi ya dawa hiyo au kupata mzio, wakati mwingine mkali. Hata hivyo mzio hutokea pia kwa vimeng'enya vya seli za wanyama, ndiyo maana mgonjwa huangaliwa anapotundikiwa dripu. Mengine yote ni ya kuzungumza na daktari wake, ambaye anamwona.

#14 KaraniWaKanuni

Niongeze jambo ambalo halihusiani na biolojia hata chembe. Dawa hiyo ya karoti, ambayo ndiyo Elelyso ya #1, haikuidhinishwa Umoja wa Ulaya. Kamati ya wataalamu ilikubali kwamba faida zake zinazidi hatari, lakini dawa nyingine ya Gaucher, Vpriv, ilikuwa imepewa mwaka 2010 haki ya kulindwa sokoni kwa miaka kumi kama dawa ya ugonjwa adimu, na karoti ikaonekana kufanana nayo mno kuweza kuingia. Kwa hiyo anayesema sayansi imeshindwa aeleze pia kisa hiki, ambamo sayansi ilifaulu mtihani na kuzuiwa na ratiba.

#15 Mchumi_Mkavu

Sasa tumefika kwenye kiini. Karani amegusa nusu, nami niseme nusu iliyobaki.

Ahadi yote ya mimea imejengwa juu ya dhana kwamba dawa za protini ni ghali kwa sababu kuunda protini ni ghali. Dhana hiyo haishiki. Insulini ya binadamu imekuwa ikitengenezwa kwa bakteria na kuuzwa tangu mwaka 1982, na gharama ya kuiunda ni sehemu ndogo ya bei anayolipa mgonjwa. Kampuni ya SemBioSys ya Kanada ilipoleta insulini ya mbegu za safflower ilikuwa inapunguza gharama ambayo haikuwa ndiyo tatizo, na mwaka 2012 ikafungwa. Seli za hamsta nazo hazikukaa zikisubiri. Katikati ya miaka ya 1980 lita moja ilikuwa ikitoa makumi ya miligramu za kingamwili. Leo gramu kadhaa kwa lita ni jambo la kawaida. Mimea ilikuwa ikimkimbiza mshindani ambaye naye alikuwa anakimbia.

Aliyekwisha kujenga kiwanda cha matangi kwa mamia ya mamilioni ya dola hatakibomoa ili apande majani.

#16 FundiSafisha

Mchumi anasema gharama ya kuunda si tatizo, kisha anasema hamsta walishinda kwa kuunda zaidi. Achague moja.

#17 Mchumi_Mkavu

Sioni mgongano, Fundi. Walishinda kwa kutosha, na aliyekwisha kutosha hatafutiwi mbadala.

#18 MsomajiKimya

Naomba kuchangia kwa mara ya kwanza. Mbona hamjazungumzia ZMapp kwa kina? Mwaka 2014 iliwaponya wahudumu wawili wa Kimarekani walioambukizwa Ebola nchini Liberia. Kingamwili tatu, zote kutoka kwenye majani, katika vitalu nyumba vya Kentucky. Dawa iliyoponya namna hiyo iliachwaje?

#19 KaraniWaKanuni

Karibu sana. Neno la kurekebisha ni "iliwaponya". Wagonjwa hao wawili walipona baada ya kupewa ZMapp, lakini walipata pia uangalizi wa hali ya juu wa hospitali, na kwa watu wawili huwezi kutenganisha kilichofanya kazi na kilichokuwapo tu.

Jaribio la kwanza lililopangwa kisayansi lilikuwa na wagonjwa 72 hivi. Waliopata ZMapp walifariki asilimia 22, wasiopata asilimia 37. Dalili njema, lakini idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu, kwa sababu mlipuko ulikuwa unaisha. Kisha likaja jaribio la PALM katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililoanza Novemba 2018, likiwa na wagonjwa 681. Huko karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki, ilhali kwa dawa nyingine mbili za kingamwili, mAb114 na REGN-EB3, ilikuwa takribani theluthi moja. Agosti 2019 ZMapp ikasimamishwa. Hiyo mAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, na nguvu zake zilitokana na uteuzi huo.

#20 FundiSafisha

Na mtu asiondoke hapa akidhani jani ndilo lililoshindwa. Kingamwili ile ile, ikiundwa kwa hamsta, ingeweza kushindwa vile vile. ZMapp ilihitaji dozi tatu, moja kila baada ya siku tatu, na mgonjwa wa Ebola aliyefika akiwa amechelewa huenda asiione dozi ya tatu. mAb114 na REGN-EB3 hutolewa mara moja. Kinachoweza kulaumiwa upande wa mimea ni kwamba akiba iliisha Agosti ya mwaka 2014, baada ya wagonjwa wachache tu, wakati sifa kuu tuliyokuwa tukiiuza ilikuwa kasi.

#21 JaniBichi

Kasi ilikuwapo, Fundi. Majani huwa tayari kwa wiki moja. Kilichochelewa ni kile unachokifanya wewe.

#22 FundiSafisha

Ndicho ninachokisema tangu #3.

#23 Mchumi_Mkavu

Covifenz ndiyo inayonisumbua zaidi. Majani ya *benthamiana* yaliunda chembe zenye umbo la kirusi cha korona bila kuwa na kirusi ndani, jaribio lilihusisha watu zaidi ya 24,000, kinga ilikuwa takribani asilimia 70 dhidi ya aina za virusi vilivyokuwa vikizunguka wakati huo, na mdhibiti wa Kanada akaidhinisha. Kisha Shirika la Afya Duniani likakataa kuiingiza katika orodha yake ya chanjo za dharura kwa sababu inatokana na tumbaku.

#24 KaraniWaKanuni

Si kwa sababu ya mmea, Mchumi. *Benthamiana* ni jamaa wa tumbaku ya kuvuta, lakini si ile inayotiwa kwenye sigara. Shirika lilikataa kwa sababu Philip Morris, kampuni ya sigara, ilikuwa na hisa katika Medicago, kampuni iliyotengeneza Covifenz, na msimamo wa Shirika ni kutoshirikiana na sekta ya tumbaku. Hisa hizo zilikuja kununuliwa na Mitsubishi Tanabe, mmiliki mkuu, ambaye mwanzoni mwa mwaka 2023 alitangaza kuifunga kampuni yote. Kufikia wakati huo soko la chanjo za UVIKO-19 lilikuwa limejaa chanjo za mRNA, kwa hiyo sijui kama ni hisa zilizoiua au ni kuchelewa kufika.

#25 Chekechea

Nami nilete vyangu. Kwanza, si tayari tunayo dawa ya malaria kutoka kwenye pakanga? Pili, tuliwahi kuahidiwa ndizi zenye chanjo ndani yake, mtoto anakula na kinga anaipata. Ziko wapi?

#26 MzeeWaHadubini

Artemisinini ya pakanga ni molekuli ndogo ambayo mmea huiunda kwa asili yake. Si protini, wala hakuna aliyeingiza jeni ngeni ili ipatikane, kwa hiyo haimo katika uzi huu.

Ndizi zilikuwa ndoto ya Charles Arntzen na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kilichofika kwa binadamu mwanzo ni viazi. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya watu waliojitolea kula viazi vibichi vyenye kipande cha sumu ya bakteria *E. coli*, na kumi kati ya kumi na mmoja wakaonyesha kingamwili katika damu. Wazo likakwama kwenye maswali ya kawaida kabisa. Kiazi kimoja kina protini kiasi gani, na kilicho jirani yake kina kiasi gani? Ukikipika, protini inaharibika. Na mtu akila mara nyingi kidogo kidogo, mwili unaweza kujifunza kuivumilia protini ile badala ya kuipinga, yaani kinyume cha chanjo. Tunda haliwezi kuandikiwa dozi.

#27 ShambaSalama

Pia fikirieni kiazi hicho kikichanganyika na viazi vingine sokoni. Nanyamaza.

#28 MzeeWaHadubini

FundiSafisha, kuna jambo moja bado hujanijibu. Seli za karoti nazo husagwa, kwa sababu kimeng'enya kimefungiwa kwenye vakuoli. Kama usafishaji ndio mlima, wao waliupandaje?

#29 FundiSafisha

Nilijua swali hilo litakuja. Seli zile hukuzwa ndani ya mifuko mikubwa ya plastiki yenye virutubisho, bila kutegemea mwanga wala udongo. Hazina klorofili, hazina rubisko tele kama ya jani, na kila mfuko unafanana na mwenzake. Ukizisaga hupati ndoo ya kutu. Elfabrio nayo hutoka kwenye seli za tumbaku zilizokuzwa kwa namna hiyo hiyo. Hata chanjo ya mdondo wa kuku iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ambayo haikuwahi kuuzwa, ilitoka kwenye seli za tumbaku, si kwenye mmea wenye mizizi.

#30 MdadisiWaSeli

Subiri kidogo, Fundi. Ina maana kwamba katika orodha yangu ya #1 ni Covifenz peke yake iliyotoka kwenye jani?

#31 FundiSafisha

Ndiyo.

#32 KaraniWaKanuni

Kwa haki ya majani, Kuba wamekuwa na kingamwili ya mmea wa tumbaku tangu mwaka 2006, lakini wao huitumia kiwandani kusafishia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Haidungwi kwa mtu.

#33 Chekechea

Kwa hiyo jani pekee lenye kazi ya kudumu limeajiriwa na idara ya Fundi. Mkuu MdadisiWaSeli, utabadilisha kichwa cha uzi?

#34 MdadisiWaSeli

Nitakiacha kwanza. Mchumi bado hajajibu #12 ya Dada, kuhusu thamani ya kuwa na njia ya pili pale ya kwanza inapougua, na hesabu zake zote zinaonekana kudhani kwamba ya kwanza haiugui.